Kulala kando ya Ziwa Kivu na watoto wadogo: panga siku ya ziada kwanza

Anayetaka kupeleka watoto kulala kando ya Ziwa Kivu kwa mtumbwi huanza kwa kuuliza: tutafika wapi? Swali hilo lingojee kidogo. La kwanza ni hili: siku ya kurudi, upepo ukikataa, mtakula nini na mtalala wapi? Kwenda huwa hakusumbui. Mnatoka alfajiri, ziwa limelala, watoto wana hamu. Matatizo huja siku ya kurudi: unga umeisha, mtu anangojewa kazini Jumatatu, mdogo ameamka na homa, na mawimbi yameanza. Hapo ndipo familia inaingia ziwani saa ambayo wavuvi wenyewe wamevuta mitumbwi yao nchi kavu.

Kwa hiyo, mkipanga kulala siku mbili, bebeni chakula na dawa za siku tatu, na ombeni ruhusa ya siku tatu, kazini na kwa wenye kijiji. Siku hiyo ya ziada ni mzigo wa lazima kama jile, lile koti la kuelea majini. Ukishindwa kuipata, punguza safari, lala usiku mmoja.

Majira: Juni hadi Agosti ndiyo afadhali. Radi ni chache na ardhi ni kavu. Lakini ziwa liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na usiku wa kiangazi unauma. Kila mtoto apate blanketi lake, soksi na kofia ya sufu. Upepo wa kusini nao una nguvu miezi hiyo. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua ya alasiri huja na radi, na milima ya huku kwetu, mashariki mwa Congo, ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Mtu asiyelijua ziwa asichukue watoto miezi hiyo.

Ziwa lina saa zake. Ingieni majini saa 12 asubuhi, kukishapambazuka, na saa 4 mtumbwi uwe umevutwa juu. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa ya ziwani huvutwa kuelekea milimani, na maji yaliyokuwa kama kioo yanaanza kuruka. Watu wazima wawili wakipiga kasia na watoto na mizigo ndani huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Usizidishe hesabu hiyo kwa saa nne ukajisifu kwamba mtafika mbali. Mtoto wa miaka 4 hukaa kwa utulivu labda dakika arobaini, kisha anataka kukojoa, kisha anataka kushika maji. Mkiwa na wadogo, kilomita 5 au 6 kwa siku zinatosha kabisa.

Kutoka Bukavu, kuna ghuba nyingi upande wa Kabare na Katana ambako mtu anaweza kwenda akifuata ukingo. Fuateni ukingo wenyewe, hata kama kuvuka mdomo wa ghuba kungewapunguzia nusu saa. Kuvuka kwa kasia hadi Idjwi na watoto, hapana. Anayetaka Idjwi apande boti kubwa ya asubuhi, apate mtumbwi kwa makubaliano na watu wa kisiwani, apige kasia kandokando huko. Upande wa mashariki wa mji wa Bukavu, kaa mbali na mahali ziwa linapotoka na kuwa mto Ruzizi: maji yanavuta, mbele kuna bwawa la umeme, na mpaka wa Rwanda uko hapo hapo. Mpaka wa ziwani hauonekani kwa macho, na kuueleza ukiwa tayari umeuvuka ni kazi ngumu.

Habari njema ni kwamba Kivu haina mamba wala viboko. Ila usihamishe desturi za Kivu ukazipeleka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, au kwenye uwanda wa Ruzizi. Huko wapo wote wawili, na hema halipigwi karibu na maji.

Sasa mtumbwi. Wa gogo moja ni mzito na hupinduka upesi mtu akiegemea, lakini ukijaa maji bado mbao zinaelea. Wa mbao za kupigilia misumari ni mpana zaidi, ila hupitisha maji kwenye maungio. Uache majini usiku mzima kabla ya safari, mbao zivimbe, kisha uangalie asubuhi umeingiza kiasi gani. Kwa watoto wadogo, njia nzuri kuliko zote ni kufunga mitumbwi miwili sambamba kwa miti miwili ya mikaratusi, mmoja mbele na mmoja nyuma, ikikazwa kwa kamba isiyoteleza. Acha nafasi ya sentimita 50 hadi 70 katikati, na nyuma iwe pana kidogo kuliko mbele, la sivyo maji yanajibana katikati na kumwagika ndani. Mwendo unapungua, lakini mtoto akisimama ghafla hakuna kinachopinduka.

Chini ya viti funga bido (madumu) tupu za lita 20, mbili kila mtumbwi, vizibo vimekazwa. Kila bido inabeba karibu kilo 20 ikizamishwa, na ndiyo inayofanya mtumbwi uliojaa maji ubaki juu mkiwa mmeushika. Mizigo mizito iwe chini katikati, watoto wakae sakafuni juu ya matela (godoro) kuukuu, si kwenye ubao. Mkishapanda wote, pima kwa kiganja: kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa mtumbwi zibaki sentimita 20. Zikipungua, kuna mzigo au mtu anayebaki. Hapa hakuna kubembelezana. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni, na ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Jile la mtoto halinunuliwi "akue nalo". Soma kilo zilizoandikwa ndani, mpime mtoto, vilingane. Mvalishe, funga kila kamba, kisha mshike jile mabegani umvute juu: likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini atachomoka kwa chini. La wadogo liwe na kola ya kuinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Halafu mjaribu kwenye maji ya kiunoni, ukiwa umemshika, uone kama linamlaza uso juu. Jile lililochakaa, lililokaa juani miaka, hunywa maji. Litumbukize na jiwe la kilo 4 usiku kucha, asubuhi likiwa limezama si jile tena.

Kuna jambo moja ambalo mama zetu hawatapenda, lakini lazima lisemwe. Usimbebe mtoto mgongoni kwa kitenge ndani ya mtumbwi. Mkianguka, jile lako linakulaza chali na mtoto anakuwa chini yako, amefungwa. Wala usimfunge mtoto kwa kamba kwenye mtumbwi, hata kwa nia ya kumlinda. Mtoto asiyeweza kushika kichwa vizuri, au mdogo mno kwa jile lolote linalopatikana, abaki na bibi. Na kila mtoto wa chini ya miaka 6 awe na mtu mzima wake mmoja anayejua kuogelea, ambaye jina lake limetajwa kabla ya kutoka. Anayepiga kasia nyuma hahesabiwi. Yeye anaangalia maji.

Mahali pa kulala. Ufuko mtupu kwenye Kivu karibu haupo: kila kipande kina mwenyewe, hata kama leo kuna nyasi tu. Nenda kabla, siku nyingine, bila watoto. Msalimie shefu wa kijiji, mweleze ni nani, wangapi, usiku mingapi, uonyeshe vitambulisho, ukubaliane bei ya mahali na ya mlinzi. Hali ya usalama hubadilika. Watu wa ukingoni wakikwambia wiki hii hapana, basi ni hapana. Uwanja wa parokia au wa shule ulio karibu na maji ni mzuri kuliko kichaka chenye mandhari, kwa sababu una nyumba ya kukimbilia radi ikianza. Hema halizuii radi. Hesabu kutoka mwanga hadi ngurumo: ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, watu wote wawe ndani ya nyumba, na mngoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Usipige hema kwenye mdomo wa mto au mfereji mkavu, hata kama ndipo palipo tambarare na mchanga mzuri. Tambarare hiyo imeletwa na mafuriko. Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, maji na mawe yalishuka kutoka milimani yakachukua mamia ya watu kando ya ziwa hili hili. Mvua inaweza kuwa juu milimani na kwako kukawa na nyota.

Wanaotokea Goma wana jambo lingine: mazuku. Kati ya Goma na Sake hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya kwenye mabonde na mashimo ya mawe ya volkano, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Haina rangi, na mtoto aliyelala chini huivuta kabla ya mtu mzima aliyesimama. Ukiona wadudu, ndege au panya waliokufa kwenye shimo, ondoka upande wa juu. Na usitegemee mshumaa kukupima hewa: moto unaweza kuendelea kuwaka wakati hewa hiyo tayari inamwangusha mtu. Dawa ni kulala mwinuko, mahali ambapo wenyeji hulala, na kuuliza.

Moto nao hutoa hewa yake isiyoonekana: mbabula, yaani jiko la makala (makaa), haiingii ndani ya hema, hata ikiwa majivu tu na hata mvua ikinyesha. Makala yanayofifia ndiyo yanayoua. Tandika bashi (turubai) pembeni, wazi pande tatu, mpike hapo.

Maji ya ziwa msiyanywe hivi hivi. Kipindupindu kinajulikana sana huku kwetu. Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha chemsha mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Mkitumia vidonge vya klorini, soma pakiti, kwa maana kidonge cha bido ya lita 20 si sawa na cha lita moja, na mngoje dakika 30. Familia ya watu wanne itumie lita 15 kwa siku za kunywa na kupika. Toka nyumbani na bido moja iliyojaa, ili jioni ya kwanza msiwe watumwa wa moto.

Chakula cha watu wazima wawili na watoto wawili kwa usiku mbili na siku ya ziada: unga wa bugali kilo 3, mchele kilo 1 na nusu, unga wa uji wa masosoma kilo 1, sukari gramu 750, mafuta nusu lita, sambaza (dagaa wa Kivu) kavu nusu kilo, chumvi, vitunguu, ndizi, avoka. Maharagwe yachemshwe nyumbani na yaliwe usiku wa kwanza. Kuyapika ukingoni kunamaliza makala. Makala yenyewe, kilo 8, kwenye mfuko wa plastiki mara mbili. Ndani ya mtumbwi wape mkate na ndizi. Karanga si za mtoto wa chini ya miaka 5 popote, na ziwani hata wa miaka 6 asipewe, kwa sababu akipaliwa huna mahali pa kumgeuza.

Dawa: pakiti 6 za ORS, chumvi na sukari ya kumnywesha anayeharisha, kila moja kwa lita 1 ya maji safi. Zikiisha, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja. Kabla ya safari mwombe muuguzi aandike kwenye karatasi kilo za kila mtoto na kipimo chake cha dawa ya homa. Saa 8 usiku kwa mwanga wa tochi hakuna anayepiga hesabu sawasawa. Chandarua chenye dawa kiwe juu ya mlango wa hema. Choo: shimo la sentimita 20, hatua 80 kutoka majini, na pampasi zote zirudi mjini ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Wiki moja kabla, fanyeni mazoezi. Usiku mmoja hema uani. Kisha, kwenye maji ya kiunoni, jazeni mtumbwi maji kwa makusudi: kila mkubwa anamshika wake, wote wanashika mtumbwi, hakuna anayeogelea kwenda ufukoni, filimbi inapigwa mara tatu. Watoto wakifanya hivyo mara mbili wanakijua kama mchezo. Maji ya Kivu yana nyuzi 24 hivi na yanaonekana ya uvuguvugu, lakini mwili mdogo hupoteza joto haraka. Mtoto aliyelowa avuliwe, akaushwe na kufungwa blanketi kabla ya kuulizwa kama anasikia baridi.

Simu mbili, za mitandao miwili, kila moja kwenye mfuko usiopitisha maji. Mtu mmoja mjini ajue mahali, jina la shefu na saa ya kumpigia.

Asubuhi ya kurudi, mkubwa mmoja aamke saa 11 atazame maji na awaulize wavuvi wa sambaza wanaporudi na taa zao. Wakisema ziwa limekasirika, au mkiona povu jeupe mbali na ukingo, msikunje hema. Koroga uji, piga simu kazini, na waambie watoto wamepata siku nyingine.