Mkopo wa chuo huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Matawi mapya ya vyuo vikuu yanajengwa mikoani kwa fedha za HEET, mradi wa serikali ya Tanzania wa kuendeleza elimu ya juu: Lindi, Kagera, Kigoma, Rukwa na kwingineko. Ni jambo jema, na lilichelewa. Lakini jengo kuwa karibu na kijana wa Kibondo au Tandahimba halimwingizi darasani kama mkopo umekwama. Wenye sifa kamili za kuingia chuo kikuu, yaani ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4, wanaangukia kwenye makaratasi.

Tazama kalenda. Mtihani wa kidato cha sita huwa Mei. Baada yake wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na dirisha la Bodi ya Mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka wakati baadhi yao bado wako kambini. Akitoka, anabaki na siku chache za kutafuta nyaraka ambazo nyingine huchukua miezi. Ndiyo maana nasisitiza zianze kushughulikiwa likizo ya Desemba, kabla ya muhula wa mwisho, na walimu wazikague moja moja.

Cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Kuwa nacho hakutoshi. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao (kwa waliozaliwa Zanzibar, ni wakala wa huko, ZCSRA). Uhakiki hukwama hasa kwa sababu ya majina. Cheti kinasema Mwanahamisi Saidi Juma, shuleni aliandikishwa Mwanahamisi S. Mkumba, na Baraza la Mitihani (NECTA) wanalo hilo la shule. Weka cheti cha kuzaliwa na matokeo ya kidato cha nne mezani, soma herufi kwa herufi. Tofauti ikionekana Desemba, mzazi ana muda wa kwenda ofisi ya msajili wilayani kuulizia marekebisho. Ikionekana Agosti, muda huo hana.

Kwa yatima hali ni ngumu zaidi, na hapa naomba watendaji wa vijiji wanisikie. Mfumo wa maombi ya mkopo unataka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa. Kibali cha mazishi hakikubaliki badala yake, wala barua ya mtendaji. Vijijini vifo vingi havikusajiliwa kabisa, hivyo familia inalazimika kusajili kifo cha miaka kumi iliyopita, pamoja na ushahidi na safari za wilayani. Bila cheti hicho, mwombaji huhesabiwa kama mtoto mwenye wazazi wote wawili, na yatima anakosa uzito aliostahili katika kupangiwa mkopo. Anayetoka kaya ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, achukue namba ya kaya mapema kwa mratibu wa halmashauri. Mwenye ulemavu ajaziwe fomu na mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Kisha kuna steshenari, duka ambako wengi hujaziwa maombi mtandaoni. Kijana asiye na simu janja anamkabidhi mhudumu kila kitu, na mhudumu, ili amalize haraka, anaweka barua pepe na namba yake mwenyewe. Wiki mbili baadaye Bodi inatuma taarifa kwamba kiambatisho hakisomeki, na taarifa inaishia kwenye simu ya mhudumu aliyekwisha kuisahau kazi hiyo. Fungua barua pepe yako, tumia namba ya simu ya nyumbani inayopatikana, na nywila uiandike kwenye daftari kabla hujaondoka kwenye kiti. Ada ni shilingi 30,000, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo.

Namba ya mtihani ya kidato cha nne iwe ileile kwenye maombi ya mkopo na ya chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akitumia moja huku na nyingine kule, mifumo haimtambui kuwa ni mtu mmoja, na anaweza kupata chuo bila mkopo.

Fomu ikishachapwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya kijiji, na hakimu au wakili. Nenda kwanza kwa mtendaji, maana hakimu au wakili mara nyingi yuko mbali na ni nauli ya pili. Angalia muhuri usiukalie mwandiko wa jina. Kurasa zenye saini zipigwe skana. Picha ya simu yenye kivuli hurudishwa.

Aliyepangiwa mkopo asisafiri mfukoni mtupu. Bumu, fedha ya chakula na malazi iliyofikia shilingi 10,000 kwa siku, huingia baada ya kusajiliwa chuoni na kusaini. Chakula cha wiki mbili za mwanzo, kwa kiwango hichohicho, ni 140,000 juu ya nauli, na hapo michango ya ukoo ndiyo inayohitajika kuliko kwenye sherehe ya kumuaga. Aliyekosa asubiri awamu zinazofuata huku akiandaa rufaa, na rufaa iende na nyaraka iliyokosekana mara ya kwanza.