Siku ya Ullastret

Leo nimeshinda Ullastret, kaskazini mashariki mwa Hispania, kwenye kilima walichokaa Waiberi, wenyeji wa kale wa hapa, karne nyingi kabla Roma haijatia mguu nchi hii. Ndio mji mkubwa kuliko yote ya Waiberi iliyofukuliwa Katalunya, jimbo hili. Ukuta wake ulianza kujengwa karne ya 6 KK, na mabaki ya minara yake ya duara bado yapo. Chini ya kilima palikuwa na ziwa, likakaushwa katika karne ya 19. Sasa ni mashamba matupu.

Nimeinama kwenye shimo moja la nafaka kulichungulia. Limechimbwa ardhini, mdomo mwembamba, tumbo pana. Nafaka ikishajaa, mdomo unazibwa, hewa haipiti, na chakula kinakaa bila kuoza. Ziada waliwauzia Wagiriki wa Emporion, bandari iliyo karibu, ndiyo maana makumbusho ya hapa yana vyombo vingi vya Kigiriki.

Humo makumbusho ndimo nilimokutana na fuvu lililopigiliwa msumari wa chuma. Wataalamu wanasema vichwa vya namna hii vilitundikwa hadharani, huenda ni vya maadui. Niliduwaa. Halafu nikakumbuka kwamba watu hawahawa walizika vichanga vyao chini ya sakafu za nyumba, pale pale walipopikia na kulala. Maiti zao wakubwa walizichoma moto, ila mtoto alibaki nyumbani. Tangu hapo nimeshindwa kuwaita makatili.

Wenyewe hawawezi kutueleza. Lipo bamba la madini ya risasi lenye maandishi yao, na tangu kazi ya mtaalamu Mhispania Manuel Gómez-Moreno miaka ya 1920 alama zake zinasomeka kwa sauti, lakini lugha haieleweki. Inaniuma, kwa sababu hata barua ya biashara tu ingetosha kutuonyesha walivyozungumza. Imebaki mifupa ndiyo inayotoa ushahidi.

Mwaka 218 KK Warumi walishuka Emporion kupigana na Karthago, dola la Afrika Kaskazini, na mwanzoni mwa karne iliyofuata mji huu ukahamwa.

Nikifika Madrid nitakwenda kumwona Bibi wa Baza, sanamu ya Waiberi iliyofukuliwa mwaka 1971. Ameketi kwenye kiti chenye tundu ubavuni, na humo yaliwekwa mabaki ya maiti iliyochomwa. Mifupa ilipopimwa, ikaonekana ni ya mwanamke. Rangi ingali mwilini mwake, buluu na nyekundu, na nataka kuiona kwa karibu.