Mia ya Karura inakwenda wapi?

Silalamikii ada ya kuingia Karura, msitu ulio ndani ya Nairobi. Nalipa, na nitaendelea kulipa. Ninachotaka ni kujua pesa hiyo inafanya nini ikishatoka kwenye simu yangu.

Tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kuukaribia msitu ule. Ulikuwa maficho ya wezi, na maiti zilitupwa humo. Mwaka 2009 likaundwa kundi la Marafiki wa Msitu wa Karura, likashirikiana na KFS, shirika la serikali linalosimamia misitu. Ua wa umeme ukajengwa, vijana wa mitaa jirani kama Huruma wakapata kazi ya uskauti, yaani kulinda msitu, na 2011 milango ikafunguliwa. Siku hizi Jumamosi asubuhi utakutana na wakimbiaji, watoto wa baiskeli, na akina mama wanaotembea peke yao bila kugeuka nyuma kila hatua. Njia panda zina nguzo zenye namba, kwa hiyo hata mgeni atafika kwenye maporomoko. Ukiinua macho kwa subira utawaona mbega, ile mikia myeupe ikining'inia kwenye matawi.

Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima alilipa shilingi 100. Kwa dada anayefanya kazi ya nyumba katika mtaa wa kitajiri wa Runda, mwenye Jumapili moja ya kupumzika, mia ni nauli. Akija na watoto, bei ikiongezwa kidogo tu, harudi tena. Na huu ni msitu wake pia. Katiba, kifungu cha 62, inauita ardhi ya umma.

Agosti 2025 KFS ilipoagiza malipo yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, Marafiki walikwenda mahakamani. Wapo waliosema ni ugomvi wa matajiri wa Muthaiga. Sikubaliani nao. Waya wa ua ukikatwa usiku, lazima pesa ya kuurekebisha iwe karibu, isiwe imeingia kapu kubwa la serikali, ikisubiri sahihi za ofisini.

Karura iliwahi kugawanywa kimyakimya kwa wajenzi binafsi. Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miche huko. Ndiyo maana hesabu zisizoonekana, ziwe za serikali au za Marafiki, zinaninyima amani.

Uwekwe ubao langoni, kando ya ule wa bei, kwa Kiswahili: mwezi uliopita tumekusanya kiasi hiki, ua umechukua hiki, mishahara ya maskauti hiki, kilichobaki kipo akaunti fulani. Ubadilishwe kila mwezi.