Hardwick Hall: Jumba la Vioo Juu ya Kilima cha Derbyshire

Anayesafiri kwa barabara kuu ya M1 kupitia Derbyshire, katikati ya Uingereza, huiona Hardwick Hall kwa mbali kabla hajajua ni nini: minara sita iliyosimama juu ya kilima, na chini yake madirisha mengi kiasi kwamba jua la alasiri likiyapiga, kuta zenyewe hupotea machoni. Nilifika kwa teksi kutoka Chesterfield, nikasimama kwa muda mrefu mbele ya lango la upande wa magharibi. Watu wa zamani waliitania nyumba hii kuwa ina vioo vingi kuliko kuta, na utani huo una haki yake. Kwa mimi niliyezoea nyumba za mawe za pwani, ambazo kuta zake nene zilijengwa makusudi ili jua libaki nje, ilinichukua muda kukubali kwamba hapa jua lilikaribishwa kama mgeni wa heshima.

Mwenye jumba alikuwa mwanamke. Elizabeth, anayejulikana zaidi kwa jina la Bess wa Hardwick, alizaliwa mahali hapohapo katika familia ya wamiliki wa ardhi wa kawaida, akaolewa mara nne, na ndoa hizo zikampandisha hadi akawa miongoni mwa wanawake matajiri kabisa nchini. Mume wa mwisho, George Talbot, mkabaila mwenye cheo cha Earl wa Shrewsbury, ndiye aliyekabidhiwa na serikali kazi ya kumlinda Malkia Mary wa Uskoti alipokuwa mfungwa, na ndoa yao iliharibika kabla Earl huyo hajafariki mwaka 1590. Mwaka huohuo ujenzi ukaanza, hatua chache tu kutoka nyumba nyingine kubwa ambayo Bess alikuwa bado hajaimaliza, na ambayo leo ni magofu. Alihamia jumba jipya mwaka 1597, akiwa na umri wa takriban miaka 70. Ili pasiwe na shaka ni nyumba ya nani, aliagiza herufi E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, zichongwe kwa mawe juu ya minara, kila jozi ikiwa na taji lake; zinasomeka vizuri kabisa ukiwa bustanini.

Ramani ya jumba inaaminika kuwa ya Robert Smythson, mwashi aliyekwisha kujipatia sifa kwa kazi zake katika majumba ya Longleat na Wollaton. Swali lililonisumbua nikiwa nje lilikuwa rahisi: ikiwa kuta za nje zimegeuka vioo, ni nini kinachobeba paa? Jibu liko ndani. Ukuta mnene unapita katikati ya jengo kama uti wa mgongo, nao ndio uliobeba mzigo mkubwa pamoja na dohani nyingi za majiko ya kuotea moto, hivyo kuta za nje zikabaki huru kutobolewa. Hata hivyo, ulinganifu ule una hila yake, kwa kuwa baadhi ya madirisha ni ya uongo: nyuma ya vioo kuna ukuta mtupu.

Nyumba nzima imepangwa kwa daraja. Ghorofa ya chini ilikuwa ya watumishi, ya kati ya familia, na ya juu kabisa ya wageni wakubwa. Ndiyo maana madirisha huzidi kurefuka kadiri jengo linavyopanda. Ngazi pana ya mawe huzunguka polepole hadi kwenye chumba kikuu cha mapokezi, ambako sehemu ya juu ya ukuta imepambwa kwa lipu iliyofinyangwa na kupakwa rangi, ikionyesha msitu wa mungu wa kike Diana na wawindaji wake. Humo pia imo nembo ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambaye hakuwahi kuja.

Kilichonipendeza zaidi ni ukumbi mrefu wa karibu mita 50, ambao kuta zake zimefunikwa na vitambaa 13 vya kufumwa vinavyosimulia habari za Gideoni wa Biblia. Bess alivinunua mwaka 1592 kutoka kwa mrithi wa Sir Christopher Hatton, aliyekuwa waziri wa Malkia Elizabeth, akapunguziwa bei kwa sababu vilikuwa na nembo ya mwenyewe wa kwanza, kisha akaifunika kwa nembo yake na kuwaongezea pembe paa jike wa nembo ya Hatton ili wawe kulungu dume wa ukoo wa Cavendish, ukoo wa mume wake wa pili. Kwangu mimi, hapo ndipo tabia ya mama huyu inapoonekana wazi kuliko katika picha yake yoyote. Kazi ya kuvikarabati vyote ilichukua miaka 24 na kukamilika mwaka 2023.

Bess alifariki mwaka 1608. Wazao wake, ambao baadaye walikuwa Maduke wa Devonshire, walipendelea kukaa Chatsworth, jumba lao jingine hapohapo Derbyshire, na kwa kuwa Hardwick ilibaki nyumba ya pili, haikubomolewa wala kugeuzwa kwa kufuata mitindo. Duke wa kumi alipofariki mwaka 1950, kodi ya mirathi ilikuwa kubwa mno. Jumba likakabidhiwa Hazina ya serikali, na mwaka 1959 likawa mali ya National Trust, shirika linalohifadhi majengo ya kihistoria. Mkazi wa mwisho wa familia, Evelyn, mjane wa Duke wa tisa, alikuwa kwa miaka mingi akivishona kwa mikono yake vitambaa vilivyochanika.