Koma mbili: siku moja ya mwalimu wa Kiingereza, Wete, Pemba

Saa 11:30 alfajiri. Narudi kutoka msikitini na somo kichwani. Leo kidato cha tatu tunaingia vishazi rejeshi vya nyongeza, vile vya habari ya pembeni vinavyoanza na “who” au “which”, ambavyo Waingereza huvizungushia koma. Kila mwaka naanza na kanuni, na kila mwaka kanuni inabaki ubaoni, haifiki kwenye daftari. Mke wangu kaniwekea chai na mkate wa kumimina, mwenyewe yuko barazani anashona kofia, ana oda ya harusi. Nikamtizama, nikapata mfano. Laiti ningejua.

Saa 1:30 skuli. Mstari, usafi, mahudhurio. Viti kadhaa vitupu, karafuu zimeiva.

Saa 2:40 naingia darasani na kuandika ubaoni: “My wife who lives in Wete sews kofia.” Sikutia koma hata moja. Nikageuka: “Nina wake wangapi?”

“Mmoja, maalim.”

“Kwa sentensi hii?”

Kimya. Nikawaeleza kwamba bila koma, yale maneno “who lives in Wete” yanafanya kazi ya kuchagua: ni yule wa Wete ninayemsema, si mwengine. Basi mwengine yupo. Darasa likaripuka. Nikatia koma mbili: “My wife, who lives in Wete, sews kofia.” Sasa mke ni mmoja, na habari ya Wete nimeipachika tu. Lakini nani alikuwa bado ananisikiliza? “Maalim, huyo mwengine yuko Chake?”

Aliyeniokoa ni msichana wa dawati la nyuma, vidole vyake bado vyeusi kwa utomvu. “Kwani maalim, si kama makonyo?” Jana usiku alikuwa anachambua karafuu na nyanya yake: unavunja kishada kwenye kiganja, karafuu huku, vikonyo kule. Ukiyatoa makonyo, karafuu inabaki karafuu. Nikafuta kila kilichokuwa kati ya koma. Ubaoni pakabaki “My wife sews kofia”, imesimama vizuri kabisa. Miaka yote hii nasomesha na sijapata mfano kama huo.

Kabla sijamsifu, mwenzake akadakia: “Lakini makonyo nayo yanauzwa!” Kweli. Pale Wawi kuna kiwanda kinachokamua mafuta yake. Nikakubali: habari ya pembeni si taka, mtu kaitia kwa sababu zake.

Tatizo kubwa ni koma ya pili. Ya kwanza wanaitia, ya pili wanaisahau, sentensi inaingia isitoke. Hapo nikawapeleka chuoni, maana hakuna asiyesoma Kurani humu. Kwenye msahafu wanazijua alama za kusimama: mim ndogo, simama lazima, laa, usisimame. Na vile vidoto vitatu vitatu vinavyokuja mara mbili: ukisimama pa kwanza, pa pili unapita. Koma hizi ni kinyume chake, ukisimama pa kwanza na pa pili lazima usimame. Nikawasomesha kwa sauti, sauti ikishuka kati ya koma mithili ya mtu anayemnong'oneza jirani. Wasomaji wazuri wa chuoni walishika papo hapo.

Tukaja kwenye majina. “Abdulrazak Gurnah, who was born in Zanzibar in 1948, won the Nobel Prize in Literature in 2021.” Jina limeshamtaja mtu, hakuna tena wa kuchaguliwa, kwa hiyo koma. Na “that” humo haiingii kabisa. Nikaongeza Pemba: ni moja, itie koma. “Maalim, Msumbiji iko Pemba nyengine.” Iko, ni mji. Ukitaka kuzitenganisha hizo mbili, koma unaziondoa. Kengele ikanikuta nacheka.

Saa 4:30, chai na mandazi. Mwalimu wa Kiswahili ananiambia nawachosha watoto bure. “Mke wangu anayekaa Wete” kila mtu anaelewa. Anaelewa kwa sababu anamjua mke wangu, nikamjibu. Hatukumaliza.

Kuanzia saa 8 nasahihisha. Makosa ya leo si ya uvivu, ni Kiswahili kinachungulia dirishani. “My uncle, who I visited him in Mkoani.” Hiyo “him” ni ile “m” ya “ambaye nilimtembelea”, kwetu lazima iwemo, kwao “who” imeshabeba kila kitu. Mwengine: “Our cow, who gives milk.” Nani wa kumlaumu? Tangu azaliwe anasema ng'ombe ambaye, hajasikia ng'ombe ambayo. Nikaandika “which” kwa wino mwekundu, na roho ikaniuma kidogo kwa ajili ya ng'ombe. Lakini mmoja kaandika: “The boat was late, which made my mother cry.” Ile “which” haishiki boti, inashika habari nzima, kama tunavyosema “jambo ambalo”. Sijawafundisha hilo. Nimempa alama zote, na nikabaki nayafikiria machozi ya mama yake.

Saa 12:15 jioni, nyumbani. Kofia imewekwa pembeni na chai haijaletwa. Kwenye baraza ya pili bibi jirani, ambaye mjukuu wake anakaa dawati la mbele darasani kwangu, ameacha hata kupepeta mchele wake.

“Baba watoto, huyu wa Chake ni nani?”

Nikacheka peke yangu. Nikatoa daftari kwenye mkoba, nikamwandikia sentensi zote mbili, nikamweleza za makonyo, za msahafu, za Gurnah. Alizitizama muda mrefu, kidole kikitoka sentensi moja kwenda nyengine.

“Kwa hiyo kilichonitia ukewenza ni kukosekana vidudu hivi viwili?”

“Ndiyo. Vinaitwa koma.”

Akaichukua kofia yake, akaitafuta sindano.

“Basi na wewe ukome.”