Kitambaa kilichonitoa Bhuj hadi Ajrakhpur

Muuzaji mmoja mjini Bhuj, katika eneo la Kachchh, India, alinitoza rupia 2,800 kwa ajrakh, kitambaa cha pamba kinachochapwa kwa mihuri ya mti, aliyoapa ni ya mkono na ya nili. Kesho yake, kijijini Ajrakhpur, fundi alikigeuza tu kitambaa: nyuma kweupe. Ajrakh halisi huzamisha rangi hadi upande wa pili, na zile bora hupigwa muhuri pande zote mbili. Tena tazama pale muhuri unapopakana na mwenzake: mistari hupishana kidogo, kiasi cha uzi. Changu hakikuwa na kiungo hata kimoja.

Bajaji ilikuwa ghali na jua kali, lakini sikuondoka mpaka jioni.

Pamba hufuliwa, ikalowekwa katika mafuta ya nyonyo, magadi na kinyesi cha ngamia, ikaanikwa, ikarudiwa tena na tena. Ukikatisha hatua hii, rangi hushika mabakamabaka. Kisha huchovywa katika unga wa harda, tunda lenye ukakasi, ikawa manjano. Ndipo mihuri ya mti inaposhika kazi. Chokaa na gundi ya mgunga hukinga panapotakiwa kubaki peupe. Wino mweusi ni vyuma chakavu na sukari guru vilivyochachushwa kwa wiki mbili au zaidi, ukazidishwa uzito kwa unga wa kokwa za ukwaju. Ukiwa mwepesi hutambaa, na mchoro wote huharibika. Penye wekundu hupigwa shabu, ila wekundu wenyewe hauonekani mpaka kitambaa kichemshwe na alizarini, rangi nyekundu, mwishoni. Kabla ya hapo ni pipa la nili: kitambaa hutoka kijani, kikipigwa na hewa kinageuka bluu.

Maji ndiyo yaliyowahamisha mafundi hawa, Wakhatri, jamii ya wachapaji na watia rangi vitambaa. Walikuwa kijiji cha Dhamadka; baada ya tetemeko la Januari 2001 maji ya kule yakazidi chuma, na chuma huufubaza wekundu. Sehemu yao wakaja kujenga hapa.

Nilinunua kipande cha fundi kwa rupia 4,500, bei iliyoniuma. Akaniagiza nikifue peke yake mara mbili tatu za mwanzo, kwani nili ya juu itatoka bila kitambaa kuchuja. Nikazikumbuka kaniki zilizovuka na majahazi kutoka Kachchh hii hii mpaka Unguja, na kisutu chetu cha harusi: nyeusi, nyekundu, nyeupe, rangi zile zile zilizokuwa zikianikwa mbele yangu mchangani.