Mwanzo 31: Kiweke Hapa Mbele ya Ndugu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Yakobo alimtumikia Labani miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake wawili, miaka 6 kwa ajili ya kundi. Waliachana vibaya. Yakobo alitoroka, Labani akamfuatia siku 7 na kupekua mahema. Hapo ndipo Yakobo alipomwambia: ulichokiona kuwa ni chako, kiweke hapa mbele ya ndugu zangu na ndugu zako, wao waamue.

Sisi kanisani huwa tunaharakisha. Wawili waliofungua duka la vyombo Kariakoo wanaachana, mzee wa kanisa anawaombea, wanakumbatiana, na daftari halijafunguliwa. Baada ya miezi michache hawasalimiani, kwa sababu walisameheana kiasi ambacho hakuna aliyekijua. Hesabu itangulie, msamaha utapata mahali pa kukaa.

Anzeni kwa kuandika tarehe ya kukomea. Jioni ya siku hiyo fungeni duka, mhesabu stoki wote wawili, na kila upande ulete shahidi wake. Mzigo upewe bei ya kununulia, si ya rejareja. Uliolala upewe bei ambayo sokoni wataitoa leo. Friji na rafu ni bei ya mtumba, hata kama risiti inasema vingine. Mali kauli, yaani mzigo mliopewa muuze kwanza ndipo mlipe, itengwe kabisa: hiyo ni ya mwenyewe, irudishwe au ilipwe. Pango mlilolipa mbele, ile miezi iliyobaki ni mali ya wote, na kilemba, ile pesa ya kupatia fremu ya duka, kama kilitolewa kiandikwe nani alikitoa. Chukueni pia taarifa ya benki na ya lipa namba hadi siku hiyo. Namba ikisajiliwa kwa jina la mmoja, wateja wataendelea kuituma pesa huko, na hapa ugomvi mwingi huanzia bila mtu kukusudia wizi.

Sasa mgawanyo. Tuseme mmoja alileta mtaji wa shilingi milioni 12, mwenzake milioni 8, wakakubaliana faida nusu kwa nusu. Baadaye yule wa kwanza alilikopesha duka milioni 2. Kila kitu kimeuzwa, zimepatikana milioni 26. Sheria ya ubia inaweka foleni. Wa nje hulipwa kwanza: muuza jumla, mshahara wa kijana wa duka, kodi ya TRA. Tuseme jumla yake ni milioni 5, zinabaki 21. Pili hurudishwa mkopo wa mbia, milioni 2, zinabaki 19. Tatu ni mitaji, na mitaji ni milioni 20. Imepungua milioni 1.

Hapa wengi hukosea. Mmoja atataka 19 igawanywe katikati, milioni 9.5 kila mtu. Mwingine atagawa kwa uwiano wa mitaji, 11.4 na 7.6. Lakini hasara hufuata mgawanyo wa faida isipokuwa mlikubaliana tofauti. Basi kila mmoja abebe laki 5: wa kwanza apate 11.5, wa pili 7.5. Na kama hamkuwahi kukubaliana mgawanyo wa faida, sheria huhesabu kuwa ni sawa kwa sawa, hata mitaji ikiwa haifanani. Ada ya shule iliyochotwa kwenye droo nayo ni deni la aliyechota, irudishwe kwenye hesabu kabla ya kugawa.

Linaloumiza zaidi ni jasho. Yakobo alimkumbusha Labani jua la mchana, baridi ya usiku na usingizi uliomtoka, na kwamba mnyama akiraruliwa, ni yeye Yakobo aliyebeba hasara. Aliyekaa dukani toka asubuhi hadi usiku wakati mwenzake yuko ofisini Posta ana uchungu huo huo. Kisheria mbia hadai mshahara kama hamkukubaliana. Ndugu katika Kristo mnaweza kukubaliana hata leo. Tajeni kiasi, kikatwe kabla ya kugawa. Msikiache kiwe manung'uniko.

Wateja mliowakopesha msiwahesabu kama fedha mkononi. Ama mmoja ayachukue madeni yote kwa bei ya chini mliyokubaliana, ama kila kinachokusanywa kigawanywe siku kinapoingia. Wauza jumla wataarifiwe kwa maandishi, kwa kuwa mbia aliyeondoka kimya anaweza kudaiwa mzigo uliochukuliwa baada yake. TRA nao waambiwe biashara imefungwa, la sivyo makadirio yataendelea kuja. Jina la biashara lishughulikiwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni halmashauri. Risiti na madaftari yatunzwe miaka 5.

Mwisho ni karatasi ya kumalizana: tarehe, kiasi alichopokea kila mmoja, madeni yaliyobaki na nani atayalipa, sahihi za wawili na za mashahidi, nakala mbili. Labani na Yakobo walikusanya mawe yakawa chungu, yaani lundo, kila mmoja akaiita kwa lugha yake, maana ikiwa moja: chungu ya ushahidi. Kisha wakala chakula juu ya mlima, na asubuhi Labani akawabusu wajukuu zake kabla ya kurudi kwao.

Wiki hii someni Mwanzo 31:36–55. Mwenye hesabu iliyobaki wazi amwite mbia wake waisome pamoja, daftari likiwa mezani.